Uzi: Hofu ya korona ilikuwa kubwa 2020, mbona watoto waliokosa chanjo waliongezeka 2021?

#1 Mwana_Tandika

Habari za jioni, wanajamvi.

Kwa mujibu wa takwimu za Shirika la Afya Duniani na UNICEF, mwaka 2019 asilimia 86 ya watoto duniani walipata dozi tatu za chanjo ya dondakoo, kifaduro na pepopunda. Mwaka 2020 korona ilipoingia, kiwango kikashuka hadi asilimia 83, na hapo sina ubishi kwa sababu kila mmoja wetu anakumbuka hali ilivyokuwa. Kinachonitatiza ni mwaka 2021. Watu walikwisha kuzoea, barakoa zimetundikwa misumarini, lakini kiwango kiliendelea kushuka hadi asilimia 81. Watoto wapatao milioni 25 walikosa dozi moja au zaidi ya chanjo hiyo, na kati yao milioni 18 hawakupata hata ile ya kwanza.

Nasi hatukusalimika. Aprili 2023, mashirika ya kimataifa yalipotangaza mpango wa kuwafikia watoto waliorukwa wakati wa janga, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 20 zilizopewa kipaumbele. Ikumbukwe kwamba hapa hatukufungiwa ndani kama ndugu zetu wa Uganda. Daladala zilitembea, Kariakoo iliuza, na kliniki za watoto zilikuwa wazi.

Dai langu ni kwamba korona haikuwazuia wazazi wa Dar es Salaam kwenda kliniki. Kilichowazuia ni chanjo ya korona, iliyozinduliwa Ikulu tarehe 28 Julai 2021, pamoja na maneno yaliyoandamana nayo. Mzazi aliyeambiwa kutwa kucha kwamba sindano ile ina jambo limejificha ndani yake, alianza kuishuku na ya mwanawe. Anayepinga aje na hoja.

#2 BabaPacha_Kimara

Mkuu, hofu ya 2020 unaipunguza mno. Pacha wangu walizaliwa Februari mwaka huo, na chanjo zao za wiki sita ziliangukia siku zilezile ambazo mgonjwa wa kwanza alikuwa ametangazwa, tarehe 16 Machi, na shule zikafungwa. Mke wangu alifika hadi langoni. Akakuta ndoo za maji ya kunawa, benchi zimepigwa mistari ya chaki kuonyesha mahali pa kuketi, na mhudumu aliyevaa vazi jeupe lililomfunika hadi usoni, mkono mmoja umeshika kipimajoto kama bastola. Akageuza. Hakuna aliyemfukuza, lakini mama mwenye vichanga wawili haulizi mara mbili.

Tuliwapeleka kliniki mwishoni mwa Juni, shule zilipofunguliwa. Chanjo nyingine walipewa, ila tuliambiwa umri wa kuanza matone ya kuzuia kuhara umeshapita. Kwa hiyo usiseme korona haikuwazuia wazazi. Ilituzuia sisi.

#3 Takwimu_Kavu

Mleta uzi, takwimu ulizoweka ni sahihi, lakini zinahusu dunia nzima na dai lako linahusu Dar es Salaam. Kwa Tanzania tuna chanzo kizuri zaidi, nacho ni utafiti wa afya ya uzazi na mtoto unaofanywa kaya kwa kaya. Ule wa 2015-16 ulikuta asilimia 75 ya watoto wa miezi 12 hadi 23 wamepata chanjo zote za msingi. Ule wa 2022 ulikuta wamebaki nusu na ushee.

Sasa tazama tarehe. Wadadisi wa utafiti wa pili walikuwa mitaani kuanzia Februari hadi Julai 2022. Mtoto wa miezi 12 hadi 23 katika kipindi hicho alizaliwa kati ya mapema 2020 na katikati ya 2021. Hao ndio watoto wa korona hasa, na wengi wao walipaswa kumaliza chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 kabla chanjo ya korona haijatua nchini. Uvumi wa Agosti 2021 hauwezi kumzuia mtoto ambaye alipaswa kuchanjwa Novemba 2020.

#4 Mwana_Tandika

Takwimu_Kavu, umesahau chanjo ya surua. Hiyo hutolewa akiwa na miezi 9, na mtoto akiikosa hahesabiwi kuwa amekamilisha. Aliyezaliwa Novemba 2020 alipaswa kupata surua Agosti 2021, na huo ndio mwezi maneno yalipopamba moto. Tena uvumi haukusubiri uzinduzi. Kauli za kuzitilia shaka chanjo za korona zilitolewa hadharani na viongozi wa juu tangu Januari 2021.

#5 Nesi_Mstaafu

Wanangu, mnazungumza juu ya wazazi tu, na sisi tuliokuwa upande wa pili wa meza hamtuulizi. Nimefanya kazi ya chanjo kwa miaka mingi katika zahanati za pembezoni mwa jiji hili, hadi nilipostaafu. Naomba niwaeleze jambo moja linaloitwa kichupa.

Chanjo ya surua na rubela huja ikiwa unga mkavu katika kichupa cha dozi kumi. Muuguzi huuchanganya na kimiminika chake maalumu, na akishauchanganya ana saa sita tu. Saa zikiisha, kilichobaki humwagwa, hata kama zimebaki dozi tisa. BCG, ile ya kifua kikuu inayoacha kovu begani, ni vivyo hivyo, na kichupa chake kina dozi ishirini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unahimiza kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Lakini muuguzi anajua kwamba mwisho wa mwezi ataulizwa kuhusu dozi zilizopotea, wala hakuna atakayemuuliza kuhusu mama aliyerudishwa. Kwa hiyo desturi ikawa ni kupanga siku. Surua Jumatano, BCG Ijumaa, na atakayekuja Jumatatu anaambiwa arudi.

Kabla ya korona desturi hiyo haikuumiza sana, kwa sababu Jumatano moja ilileta watoto wa kutosha kumaliza vichupa viwili au vitatu. Baada ya Machi 2020 tuliambiwa tupunguze msongamano, kwa hiyo tukawagawa akina mama kwa siku na kwa saa. Walipogawanyika, wakawa wachache kila siku, na wakiwa wachache muuguzi hafungui. Mama anaambiwa rudi Jumatano, Jumatano anakuta wako watatu, anaambiwa tusubiri kidogo labda wataongezeka. Saa saba mchana anaondoka, na haji tena. Mama huyo haogopi korona, haogopi chanjo, na hajasikia uvumi wowote. Amechoka tu.

#6 Binti_wa_Mbagala

Shikamoo mama. Hili la kusubiri wataongezeka nimelipitia mwenyewe, sikujua kumbe lina sababu. Tulidhani mnatudharau. Ahsante kwa ufafanuzi.

#7 Kisiki_cha_Mpingo

Tusizunguke mbuyu. Mwaka 2020 chanjo zote zilisitishwa kwa maelekezo ya Shirika la Afya Duniani. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

#8 Takwimu_Kavu

Kisiki, si kweli. Mwongozo uliotolewa Machi 2020 ulitaka kampeni za halaiki zisitishwe kwa muda, zile za kukusanya watu uwanjani au kuzunguka nyumba kwa nyumba. Chanjo za kawaida za kliniki zilisisitizwa ziendelee. Na watafiti wa chuo cha London cha usafi na tiba ya magonjwa ya tropiki walifanya makadirio kuhusu Afrika. Walikuta kwamba kwa kila kifo kimoja cha ziada cha korona ambacho safari za kliniki zingeweza kusababisha, kuendelea na chanjo kungezuia vifo 84 vya watoto. BabaPacha, sikulaumu, maana hayo hayakufika langoni kwa mkeo, na makadirio yenyewe yalitoka wakati uamuzi ulikwisha kufanywa.

Nesi_Mstaafu, shikamoo. Maelezo yako kuhusu kichupa ni mazito, lakini yanaeleza surua na BCG tu. Pentavalenti, yaani chanjo ya tano kwa moja yenye ile ya dondakoo, kifaduro na pepopunda, ni ya majimaji, na kichupa kilichofunguliwa kinaweza kutumika hadi siku 28 kikitunzwa katika nyuzijoto 2 hadi 8. Muuguzi hana sababu ya kumrudisha mama. Kama pentavalenti nayo ilishuka, kichupa si maelezo yote.

#9 Nesi_Mstaafu

Marahaba. Mama aliyerudishwa kwa ajili ya BCG mtoto akiwa na siku kumi, haji na pentavalenti ya wiki sita. Kichupa cha kwanza ndicho kinachomfundisha jinsi kliniki ilivyo. Kwenye jedwali mnamwona hana pentavalenti, lakini tulimpoteza mapema zaidi.

#10 Mzaramo_Halisi

Takwimu_Kavu huyu, mkewe akimwambia chumvi imezidi kwenye mchuzi, atauliza sampuli ilikuwa na vijiko vingapi.

#11 Takwimu_Kavu

Na ningekuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu kijiko kimoja hakitoshi kuhukumu chungu kizima.

Kwa kuwa umenichokoza, acha niulize kuhusu namba zenyewe. Kiwango cha chanjo kinachoripotiwa kutoka vituoni hupatikana kwa kugawanya dozi zilizotolewa kwa idadi ya watoto wanaokadiriwa kuwapo. Idadi hiyo hadi 2022 ilikadiriwa kutokana na sensa ya 2012. Sensa mpya ilipofanyika Agosti 2022, tuligundua kwamba tuko zaidi ya milioni 61.7. Dar es Salaam ilikuwa na watu takribani milioni 4.36 mwaka 2012 na ikafika milioni 5.38. Mkoa wa Pwani, kwa upande wake, ulitoka takribani milioni 1.1 hadi zaidi ya milioni 2. Jiji lilimwagikia Mkuranga na Kibaha. Mtoto anaishi Vikindu, mama yake anafanya kazi Mbagala, chanjo anapata Mbagala. Dozi inahesabiwa Dar es Salaam, mtoto anahesabiwa Pwani. Kabla ya kuulizana kwa nini kiwango kilipanda au kushuka katika wilaya yoyote ya jiji hili, tuulizane kwanza tuligawanya kwa idadi ipi.

#12 BabaPacha_Kimara

Lakini utafiti wa kaya uliouleta wewe mwenyewe katika bango la tatu hautumii makadirio ya sensa kama kigawanyo. Mdadisi anaingia nyumbani, anaomba kadi ya mtoto, anaandika. Anguko la kutoka 75 hadi nusu na ushee halitokani na kugawanya vibaya. Huwezi kuusimamia utafiti huo asubuhi na kuukana jioni.

#13 Takwimu_Kavu

Sijaukana. Nasema hoja ya sensa inahusu ripoti za vituo, na utafiti wa kaya una matatizo yake mengine. Kwanza, kati ya 2015-16 na 2022 kuna miaka sita, na hakuna aliyepima katikati kwa namna ileile. Huenda sehemu ya anguko ilitokea kabla hata ya korona. Pili, kuna suala la kadi. Pasipo kadi, mdadisi hutegemea kumbukumbu ya mama.

#14 Binti_wa_Mbagala

Hapo kwenye kadi naomba nisimame. Mwanangu wa pili alizaliwa Januari 2021 katika kituo kimoja cha umma, na siku ya kwanza tuliambiwa kadi zimekwisha. Nikanunua daftari la shule la kurasa 40. Muuguzi akachora jedwali kwa rula, akaandika BCG na matone ya polio, akagonga muhuri. Kila tulipokwenda aliandika humo. Daftari likalowa mvua za masika ile chumba kilipovuja, wino ukatapakaa, ikabaki mihuri tu. Mdadisi angekuja kwangu mwaka 2022 angeandika nini? Mimi najua mwanangu alichomwa mara ngapi paja lipi, lakini jina la kila sindano silijui, na sidhani kama nilitakiwa kulijua.

Tena si mimi pekee. Pale mtaani kwetu waliojifungua msimu ule wengi walikuwa na daftari.

#15 Mwana_Tandika

Pole, dada. Bado sioni jinsi kadi inavyoweza kumaliza jambo lote. Kama watoto walichanjwa kweli na tatizo ni karatasi, surua iliyolipuka Mpimbwe kule Katavi ilitoka wapi? Na kwa nini Februari 2024 tulihitaji kampeni ya nchi nzima ya surua na rubela kwa watoto wa miezi 9 hadi 59? Surua haisomi kadi. Inahitaji takribani asilimia 95 ya watu wawe na kinga ili isienee, na ikilipuka ujue kinga ilikuwa imepungua.

#16 Mjumbe_Chanika

Ndugu zangu, mimi ni mjumbe wa mtaa na nimezunguka na wahudumu wa afya ngazi ya jamii katika kampeni za matone ya polio za mwaka 2022, baada ya polio kugunduliwa hapa nchini. Niliyoyakuta milangoni yananifanya nimuunge mkono mleta uzi kwa nusu tu.

Kuna nyumba tulifungiwa mlango. Mzee mmoja alituambia waziwazi kwamba tulishindwa kuwachoma watu wazima, sasa tumekuja kwa watoto. Hizo zilikuwepo, lakini zilikuwa chache. Nyumba nyingi zilitukaribisha, watoto wakapewa matone, wakapakwa wino kwenye kidole kidogo, nasi tukaandika kwa chaki ukutani. Shida niliiona baadaye. Ukimuuliza mama kama mwanawe amepata chanjo, anakuonyesha kidole. Kwake yeye chanjo imekamilika, kwa sababu watu wa serikali walikuja hadi mlangoni na wakaondoka wameridhika. Kampeni zilikuja zaidi ya mara moja, na kila mara aliyekuwa amepanga kwenda kliniki aliona hakuna haja. Hapa simlaumu mzazi. Tulimpa sababu ya kukaa nyumbani.

#17 Takwimu_Kavu

Mjumbe, kuna sahihisho moja muhimu. Polio ya virusi vya asili haikugunduliwa Tanzania mwaka 2022. Iligunduliwa Malawi, kwa mtoto wa Lilongwe, na ikatangazwa Februari 2022. Virusi vyake vilihusishwa na vile vya Pakistan. Baadaye ikaonekana Msumbiji. Kwetu mgonjwa wa mwisho wa virusi vya asili alikuwa 1996. Kampeni ilianzia mikoa ya mpakani na Malawi, kisha ikawa ya nchi nzima. Kilichoonekana Rukwa mwaka 2023 ni aina nyingine, ile inayotokana na virusi vya chanjo vinapozunguka kwa muda mrefu miongoni mwa watu wasio na kinga ya kutosha.

Hoja yako ya kidole, hata hivyo, sijaisoma popote na inastahili kuchunguzwa. Ila kwa hesabu ya miezi haiwezi kueleza mwaka 2021, kwa kuwa kampeni hizo zilikuja baada yake.

#18 Kisiki_cha_Mpingo

Virusi vya chanjo kuzunguka! Mmesikia wenyewe. Halafu mnashangaa watu wakigoma.

#19 Nesi_Mstaafu

Kisiki, soma sentensi yote. Vinazunguka pale ambapo watoto wengi hawajachanjwa. Mtaa wenye watoto waliokamilisha dozi havina pa kukaa. Na watoto wetu siku hizi hupewa pia chanjo ya polio ya sindano katika wiki ya 14, ambayo virusi vyake vimeuawa na haviwezi kuzunguka hata vikitaka.

Naomba nirudi kwenye 2021, maana mleta uzi aliuliza jambo la msingi na tumeliacha. Chanjo ya korona iliyoanza hapa, ile ya Janssen, hutunzwa kwenye jokofu la nyuzijoto 2 hadi 8, sawa na za watoto. Maana yake ilikuja kwenye jokofu letu lilelile na meza yetu ileile. Waliopangwa kuichoma walikuwa wauguzi wa chanjo, kwa kuwa ndio waliojua kazi. Hatukuongezewa mtu. Asubuhi nina foleni ya watu wazima na fomu zao za kujaza, simu zao za kusajili, shinikizo la damu la mzee mmoja limepanda kwa woga. Akina mama wamekaa na watoto wanalia. Halafu naambiwa leo mchana tuna huduma mkoba ya korona, yaani kuwafuata watu walipo, kule sokoni. Huduma mkoba ya watoto iliyokuwa ifanyike wiki hiyo inaahirishwa.

Akina mama nao waliona. Mmoja alinizuia mkono nilipokuwa nimeshavuta dozi ya mwanawe, akataka nimsomee maandishi ya kichupa. Nikamsomea. Nikamwonyesha na alama ya joto, ule mraba ulio ndani ya duara, nikamweleza kwamba ukiwa mweupe kuliko duara chanjo haijaharibika. Akatazama jokofu, akauliza, "Na ile nyingine iko humohumo?" Sikuweza kumdanganya. Alimchanja mwanawe, lakini sijui jirani yake aliyemsimulia alifanya nini.

Kwa hiyo Mwana_Tandika anaweza kuwa na haki kuhusu chanjo ya korona, ila kwa njia mbili. Iliwatia wazazi shaka, na ilituchukua sisi. Ukiniuliza ipi ilipoteza watoto wengi zaidi, nitasema ya pili, lakini mimi nilikuwa ndani ya chumba, sikuwa mtaani.

#20 Mzaramo_Halisi

Mama Nesi ameandika kwa mpangilio kuliko sisi sote. Angeanza yeye, uzi ungekuwa umekwisha ukurasa wa kwanza.

#21 Mwana_Tandika

Haujaisha. Upungufu wa wauguzi ungeathiri watoto wote sawasawa. Mbona majirani zangu wawili wenye elimu na uwezo, wanaotumia kliniki ya kulipia isiyokuwa na foleni, waliacha kupeleka watoto katikati ya mwaka 2021? Hao hawakurudishwa na kichupa wala kukosa muuguzi. Walikuwa na simu nzuri na vifurushi vikubwa, na makundi ya WhatsApp yaliwajaza sauti za kutisha usiku na mchana. Maskini hana muda wa kusikiliza sauti ya dakika kumi na mbili.

#22 Dada_Mshonaji

Niruhusuni niongeze jambo ambalo naona wanaume hamjaligusa. Mume wangu alikuwa akifanya kazi hotelini. Watalii walipokoma kuja mwaka 2020, mshahara ulikatwa, kisha ukaisha. Kodi ya nyumba ilipotushinda nilirudi kwetu Songea na mtoto wa miezi minne, yeye akabaki kubangaiza mjini. Kule kijijini zahanati ilikuwa mbali, na nilipofika waliniuliza kwa nini sina barua ya uhamisho, jambo ambalo sikuwahi kusikia linahitajika kwa chanjo. Wakampa, lakini kwa masimango. Niliporejea Dar es Salaam mwaka 2021, kituo cha awali walimkuta mtoto katika rejesta yao ameandikwa kuwa ametoroka, yaani hakuonekana tena. Kwa hesabu yao mwanangu alikosa chanjo. Kwa hesabu ya Songea walipata mtoto wa ziada asiyekuwamo katika makadirio yao.

Nadhani wanawake wengi tulihama namna hiyo. Hatukuogopa ugonjwa. Fedha ilikuwa imeisha.

#23 Takwimu_Kavu

Dada_Mshonaji, ushahidi wako una uzito kwa sababu unaeleza ucheleweshaji. Uhamaji ulianza 2020, lakini madhara yake kwenye rejesta huonekana mtoto anapokosa surua ya miezi 9 au ile ya pili ya miezi 18, yaani 2021 na hata 2022. Hofu ya BabaPacha nayo inaweza kuonekana kwa kuchelewa namna hiyo. Huenda mleta uzi anatafuta chanzo cha 2021 ilhali mbegu ilipandwa mwaka mmoja kabla.

Lakini siwezi kuthibitisha, na majirani wawili wa Mwana_Tandika hawathibitishi kinyume chake.

#24 BabaPacha_Kimara

Hiyo ya miezi 18 naomba isisitizwe. Wazazi wengi huona kliniki imekwisha mtoto akifikisha miezi 9, na baada ya hapo hupelekwa kupimwa uzito tu, tena na dada wa kazi. Dozi ya pili ya surua ilianza kutolewa hapa nchini mwaka 2014, na bado kuna bibi mmoja kwangu anayesisitiza kwamba haipo.

#25 Binti_wa_Mbagala

Basi mnisaidie nami. Huyu wangu wa daftari ana zaidi ya miaka mitatu sasa. Ya miezi 9 alipata, ya miezi 18 sikumbuki. Kampeni ya Februari ilitukuta tuko msibani Lindi. Nikimpeleka wataniambia aanze upya?

#26 Nesi_Mstaafu

Haanzi upya, mwanangu. Aliyepitwa huendelea pale alipoishia. Mpeleke na hilo daftari hata kama limetapakaa, mihuri inasaidia. Wasipoweza kusoma, dozi ya ziada ya surua haina madhara kwake. Usiende Jumatatu kabla hujauliza siku yao ya surua.

#27 Mwana_Tandika

Mnaona? Mama Nesi mwenyewe bado anamwelekeza aulize siku. Korona imekwisha na kichupa kiko palepale. Kama kichupa ndicho chanzo, kwa nini viwango vya dunia vilianza kupanda tena mwaka 2022 bila kichupa kubadilishwa?

#28 Nesi_Mstaafu

Kwa sababu akina mama walirudi kuwa wengi siku ya Jumatano.

#29 Takwimu_Kavu

Au kwa sababu wauguzi walirudishwa kwenye meza yao. Au kwa sababu hatimaye kulikuwa na sensa mpya ya kugawanyia, ingawa hilo ni la kwetu tu na haligusi dunia. Kama kuna mwanajamvi anayefanya kazi ya takwimu katika halmashauri yoyote ya jiji, atuwekee dozi za pentavalenti ya kwanza na za surua ya kwanza kwa kila mwezi, kuanzia Januari 2020 hadi Desemba 2021, dozi zenyewe bila asilimia. Pentavalenti ikiwa imeshuka Aprili 2020, BabaPacha ana hoja. Surua ikiwa imeshuka peke yake, tutamrudia Mama Nesi. Zote zikiwa zimeshuka Agosti 2021, nitamnunulia mleta uzi soda.

#30 Kisiki_cha_Mpingo

Na zikiwa hazijashuka kabisa?

#31 Takwimu_Kavu

Basi utaninunulia wewe, kisha tutaanza kuuliza aliyezijaza.